Debe Tupu na Kibodi ya Usiku

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, wahenga walituambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kwa kawaida methali hii tunamtupia mtu anayesema sana ilhali kichwani hana kitu. Wiki hii naomba tuichukue kama ilivyo, bila kumsema mtu. Kwa nini debe tupu huvuma? Na kwa nini debe hilo hilo likijazwa mahindi, ukaligonga kwa fimbo ile ile, hutoa sauti fupi tu, du, kisha likanyamaza? Anayelijua vizuri jibu la swali hili anaweza kumwezesha jirani yake kulala usingizi.

Nasema hivyo kwa sababu ya barua iliyonifikia kutoka Mabatini, jijini Mwanza. Mwandishi wake ni mama ambaye sitamtaja jina. Anaishi na wanawe wawili katika chumba na sebule vya kupanga. Mchana ana shughuli zake za sokoni, na usiku watoto wakilala anapiga chapa: tasnifu za wanafunzi wa chuo, kumbukumbu za mikutano ya vikundi, barua za maombi. Kazi hiyo ya usiku ndiyo inayolipa ada za shule.

Kibodi anayotumia ni ile ya mekanika, yenye swichi na springi yake chini ya kila kitufe. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ganda lake la plastiki lilipopasuka, kaka yake ambaye ni seremala alimtengenezea boksi jipya la mbao za paini, na chini akapigilia plaiwudi nyembamba. Boksi linapendeza na kibodi inafanya kazi. Shida ni kelele. Upande wa pili wa ukuta analala kijana wa kiwanda cha samaki, ambaye saa kumi alfajiri huwa ameamka kuwahi zamu. Amelalamika mara tatu, na sasa mwenye nyumba ametoa neno lake la mwisho: mwezi ukiisha, ama kelele ziwe zimekwisha, ama mama ahame. Naye anauliza, je, anunue kibodi nyingine au aache kazi ya usiku?

Jibu langu ni kwamba asiache kazi, wala asikimbilie dukani. Kwanza tujue kelele inatoka wapi, maana wengi wetu tunaitibu mahali isipokuwapo.

Ukibonyeza kitufe, kijiti cha plastiki kilichomo ndani ya swichi hushuka na kuibana springi. Safari nzima ni kama milimita nne tu. Kikifika mwisho kinagonga chini. Ukikiachia, springi inakirudisha, nacho kinagonga juu. Kwa hiyo kila herufi ina vishindo viwili. Mpiga chapa wa maneno 60 kwa dakika, kwa hesabu ya kawaida ya mapigo matano kwa neno, hubonyeza mara 300. Hivyo ni vishindo 600 kwa dakika, yaani kumi kwa kila sekunde.

Hata hivyo, kila kishindo ni kidogo mno. Chomoa swichi moja, ishike mkononi, uibonyeze. Utasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Iweje basi kijiti hicho kimwamshe mtu aliye nyuma ya ukuta wa matofali?

Wakazi wa Mwanza wana jibu karibu nao. Wakienda Kisesa, katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, watakuta ngoma za watemi. Ngoma ni nini, kama si ngozi nyembamba iliyowambwa juu ya mzinga ulio wazi ndani? Mkono unaipiga ngozi, ngozi inatikisika, hewa iliyomo ndani inatikisika pamoja nayo, na sauti inasikika hata kijiji cha pili. Zeze nalo ni hivyo hivyo. Uzi wake peke yake hausikiki mbali, ila ukiunganishwa na kibuyu, kibuyu ndicho kinachoimba.

Sasa tulitazame tena boksi la yule seremala. Chini kuna plaiwudi nyembamba, ambayo ndiyo ngozi. Ndani kuna uwazi mtupu kati ya plaiwudi na bodi ya umeme, ambao ndio mzinga. Juu kuna vidole kumi vinavyopiga. Kwa nia njema kabisa, kaka amemtengenezea dada yake ngoma!

Jambo halikuishia hapo. Ngoma hiyo imewekwa juu ya meza, na meza imeegemezwa kwenye ukuta. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, lakini ndani ya mbao kavu, ikifuata nyuzi za mti, hupita mita 3,000 kwa sekunde. Mbao hupitisha mtikisiko kwa urahisi sana. Chukua simu inayolia kwa kutetemeka, iweke juu ya mto wa kulalia, kisha iweke juu ya meza. Simu ni ile ile na mtetemo ni ule ule, lakini mezani inanguruma, kwa kuwa eneo zima la meza limegeuka kuwa spika yake.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Anayesumbuliwa hasikii kile anachokisikia anayesumbua. Mama akiwa mezani anasikia zaidi ile sauti kali ya juu, ta-ta-ta, inayotoka moja kwa moja kwenye vitufe. Sauti ya aina hiyo huzuiwa kwa kiasi kikubwa na ukuta. Kinachomfikia kijana kitandani ni sauti nzito ya chini, du-du-du, iliyopita boksini, ikaingia mezani, ikaingia ukutani. Mama akihangaika na vitufe anaitibu sauti yake mwenyewe, na ile ya jirani inabaki pale pale.

Kwa sababu hiyo dawa ya kwanza haihitaji fedha. Namshauri mama aende kwa jirani yake mapema jioni, kwa adabu, amwombe ruhusa ya kusikiliza kutoka upande wake wakati mtu mwingine anabonyeza vitufe. Kama ana simu ya kurekodi, aiweke mahali pale pale kila mara ili alinganishe. Aangalie pia juu. Nyumba zetu nyingi za kupanga hazina dari, na ukuta wa kugawa vyumba huishia chini ya bati. Kama uwazi huo upo, sauti kali nayo itaruka juu ya ukuta na kushuka upande wa pili. Hapo atakuwa na njia mbili za kuziba badala ya moja.

Akisha kusikiliza, afanye majaribio matatu. La kwanza, akunje blanketi mara nne, aliweke chini ya kibodi, apige chapa. Kelele ikishuka sana, ajue meza ndiyo mkosaji mkubwa. La pili, achomoe waya wa kibodi kwenye kompyuta, afungue boksi, ajaze vitambaa vikavu ndani, afunge, kisha aujaribu mlio. Ukibadilika kutoka du refu kwenda tu fupi, boksi tupu lilikuwa linachangia. La tatu, abonyeze kitufe kimoja polepole sana. Kama katikati ya safari, kabla hakijagonga chini, kinatoa mlio mkali, basi hiyo ni swichi iliyoundwa makusudi ili ilie, na kujaza boksi hakutaizuia.

Sasa tuje kwenye matengenezo yenyewe, na tuyafuate kwa mpangilio.

Kwanza ni kuikata njia. Meza isogezwe mbali na ukuta, hata kiasi cha upana wa kiganja. Chini ya miguu ya meza viwekwe vipande vya mpira wa ndani wa gari vilivyokunjwa. Chini ya pembe nne za kibodi vibandikwe vipande vya kandambili kuukuu, vile laini vinavyobonyea kidogo kwa uzito wa boksi. Kipande kigumu kisichobonyea hakisaidii, kwa sababu kinapitisha mtikisiko kama mbao inavyofanya.

Pili ni kuongeza uzito. Aliyewahi kupanda lori kutoka mnadani analijua jambo hili. Lori tupu hurusha abiria kila shimo, na lori lililosheheni magunia hupita pale pale kwa utulivu, ingawa springi ni zile zile. Kitu kizito kilichokaa juu ya kitu laini hakitikisiki ovyo. Kwa hiyo ile plaiwudi nyembamba ingefaa ibadilishwe kwa ubao mnene wa mti mzito kama mninga. Asipoupata, achukue kipande cha kigae kilichobaki kwa mafundi wa sakafu, akibandike juu ya plaiwudi kwa gundi ya silikoni. Gundi hiyo hubaki laini kama mpira hata ikikauka, kwa hiyo nayo inasaidia kumeza mtikisiko. Ngozi ya ngoma iliyobandikwa kigae haiwezi tena kuvuma.

Tatu ni kujaza uwazi, na hapa inafaa tutofautishe vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Sponji ya godoro ina matundu yaliyounganika. Hewa huingia humo, ikasuguana na kuta za matundu, na nguvu ya sauti ikageuka kuwa joto dogo lisilohisika. Sponji basi hufaa kuinyamazisha hewa iliyomo boksini. Kandambili ina vitundu vilivyofungwa kila kimoja peke yake, na ndiyo maana huelea majini, na wavuvi hukata vipande vyake wakavifanya maboya ya nyavu. Hiyo hufaa zaidi ikibandikwa kwenye mbao ili kuzuia mbao zisitikisike. Nayo haifyonzi unyevu, jambo la maana kwa mtu anayeishi karibu na ziwa. Pamba, ambayo Kanda ya Ziwa inaifahamu kuliko kanda nyingine yoyote nchini, nayo hufaa, lakini iwe kavu na ifungwe katika kitambaa ili nyuzi zake zisiingie ndani ya swichi.

Nasisitiza tahadhari mbili. Asitumie karatasi ya bati la sigara wala kitu chochote cha metali ndani ya boksi, kwani kinaweza kuunganisha njia za umeme zisizotakiwa kukutana. Wala asishindilie kama anayejaza gunia la mkaa. Bodi ikisukumwa kutoka chini hupinda, na sehemu zilizounganishwa kwa risasi zinaweza kuachia. Uwazi ujae bila kusukuma.

Nne ni viungo. Nenda penye mafundi wa mitumbwi ufukweni, uone wanavyofanya kalafati. Mbao hata zikikutana vizuri namna gani hubaki na nafasi, na nafasi hiyo huzibwa kwa pamba. Wao wanazuia maji, sisi tunazuia mtikisiko, lakini kanuni inafanana. Bamba la chuma linaloshika swichi likikaa juu ya mbao kavu, kila kishindo hupita hapo moja kwa moja, na pale penye mwanya hutoa mlio wa kucharaza. Kata utepe mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, uutandike pande zote bamba linapokaa, kisha urudishe skrubu. Zikazwe mpaka bamba litulie, zisikazwe mpaka mpira upasuke.

Wakazi wa mji ule wa mawe wanaweza kuona sababu yake katika mawe yenyewe. Jiwe lililozama udongoni ukiligonga halina wimbo. Lakini kule Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, lipo jiwe linalolia kama kengele likigongwa, na wageni hupelekwa kulisikia. Jiwe la namna hiyo hulia kwa kuwa limekaa huru, limegusa mahali pachache, na hakuna udongo uliolikumbatia ili umeze mtikisiko wake. Bamba la kibodi linataka kuwa kama lile la kwanza, lililokumbatiwa pande zote.

Tano ni kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi kati ya maneno, pamoja na wenzake wachache walio virefu. Chini yao kuna waya unaowasaidia kushuka sawasawa, na waya huo ukiwa mkavu hucheza katika vishikio vyake na kutoa sauti kama ya sufuria. Unahitaji grisi kidogo sana, ya silikoni, ipakwe kwa ncha ya kijiti. Mafuta ya kupikia hayafai. Baada ya muda huganda na kunata, na kazi ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Sita, na mwisho, ni swichi zenyewe. Kampuni ya Cherry, ambayo swichi zake za MX zilianza katika miaka ya 1980 na zikaigwa na wengi, huzitofautisha kwa rangi. Zile za buluu hulia makusudi. Nyekundu na za kahawia hazina mlio huo, ila hugonga chini kama nyingine. Zipo pia zilizowekewa vipande laini ndani ili kijiti kitue taratibu. Kama swichi za mama ni za kulia, na kama sauti kali inaruka juu ya ukuta, hapo ndipo afikirie kuzibadilisha, baada ya mengine yote.

Atatokea msikilizaji wa kusema: shida yote hii ya nini, si anunue kibodi ya kawaida ya mpira, ile ya bei nafuu na ya kimya? Sina ugomvi naye. Kwa mtu anayeandika barua mbili kwa wiki, huo ndio ushauri bora. Lakini mama huyu anaishi kwa vidole vyake. Swichi hizi hutengenezwa kustahimili mabonyezo makumi ya mamilioni, na ikifa moja unaibadilisha hiyo moja, hutupi kibodi nzima. Chombo cha kazi kilicho kizima huwa hakitupwi kabla hakijatengenezwa.

Wala tusidhani tatizo ni geni. Wanaokumbuka mataipureta wanakumbuka kitambaa kizito cha sufi kilichotandikwa chini ya mashine. Wengine walidhani ni pambo la kulinda rangi ya meza, kumbe kazi yake kubwa ilikuwa kuizuia meza isipige kelele pamoja na mashine. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Remington iliuza mashine zilizoitwa Noiseless, yaani zisizo na kelele, ambazo herufi zake ziliusukuma utepe badala ya kuupiga. Kwa hiyo kwa karne nzima wapiga chapa wamekuwa wakipambana na vitu viwili vile vile: kishindo, na kile kinachokikuza.

Iko sababu moja inayowafanya wengi waache kazi hii katikati, na ningependa tuielewe. Sikio la binadamu halipimi sauti kama mizani inavyopima sukari. Ukiondoa nusu ya nguvu ya sauti, umepunguza desibeli tatu tu, na sikio litaona tofauti ndogo. Ili sauti isikike kama imepungua nusu, inabidi uondoe kama sehemu tisa kati ya kumi za nguvu yake, yaani desibeli kumi. Mtu anabandika kandambili, anasikiliza, anaona kama hakuna kilichobadilika, anakata tamaa. Asikate tamaa. Dawa ya kwanza imefanya kazi yake, na ya pili na ya tatu zitajengwa juu yake.

Lakini kwani usingizi wa mtu mmoja una uzito gani mpaka tuuzungumzie redioni? Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika chumba cha kulala kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30, na kishindo kimoja kimoja kisizidi 45, ili mtu alale vizuri. Hapa kwetu zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria ni nzuri, lakini kati ya wapangaji wawili wanaochangia ukuta mmoja, sheria ikishaitwa ujirani umekwisha kufa. Kijana anayeshika kisu cha kukatia samaki akiwa na usingizi yumo hatarini. Mama asiyepata ada naye yumo hatarini. Wote wawili wana haki, na hapa haki zao hazigongani. Kinachogongana ni plaiwudi na meza.

Haya niliyoyasema hayawahusu wapiga chapa peke yao. Fundi cherehani anayeshona sare usiku kabla shule hazijafunguliwa ana kisa kile kile, na mwenye pampu ya maji iliyofungwa ukutani, na mwenye jenereta lililosimama juu ya sakafu tupu ya saruji. Kila mmoja wao ajiulize maswali matatu: nini kinachogonga, nini kinachovuma, na mtikisiko unapita wapi kumfikia mwenzangu. Kisha aende upande wa pili wa ukuta akasikilize kabla hajaitwa na mwenye nyumba.

Hadi wiki ijayo, nawatakia usiku mwema.